Kitambaa Kisichouzwa

Guangzhou kila kitu kina bei. Dalila aliambiwa hivyo na shangazi yake kabla ndege haijatua Uchina, na kwa muda wote waliokaa huko hakuona cha kumfanya abishe. Aliona vifungo vikiuzwa kwa kilo. Aliona mtu akiuza kiti alichokikalia mwenyewe. Mtu yule akasimama, akapokea pesa, akaendelea na mazungumzo wima kama kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana, siku alipoambiwa na msichana mmoja wa Kikenya kwamba kitambaa fulani hakiuzwi, hakuamini masikio yake.

Yalitokea mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya ushonaji ya laoban Liang. Laoban ni bosi, na wafanyabiashara wote waliotoka kwetu walijifunza neno hilo kabla ya kujifunza kuomba maji. Shangazi Kazija alikuwa ng'ambo ya barabara, soko la Zhongda, anagombana na mtu juu ya majora ya pamba, na katika kugombana huko hakutaka kusumbuliwa. Akamtuma Dalila akachukue mashati ya sampuli yaliyokwisha kushonwa.

Karakana ilikuwa chumba kirefu ghorofa ya tatu, cherehani zimepangwa mpaka dirishani. Pembeni, penye mwanga mzuri, palikuwa na meza ya mpiga picha. Kazi yake ilikuwa kupiga picha nguo zikishashonwa na kuzitia kwenye albamu: ukurasa wa kushoto kipande cha kitambaa kimebandikwa, ukurasa wa kulia picha ya nguo yenyewe ikiwa mwilini mwa mtu. Mteja wa Unguja au Nairobi anapapasa kushoto, anatazama kulia, anaagiza. Albamu za namna hiyo zilikuwa zimerundikana mezani. Dalila akaichomoa ya chini kabisa, kwa sababu ndiyo tabia yake. Kwao walimwita Bi Kwani tangu mdogo, kwa maswali yasiyokwisha.

"Hii hapa," akasema, kidole juu ya kipande cha pamba ya kijani yenye mistari myembamba ya manjano. "Hii naitaka. Majora kumi. Kiasi gani?"

Msichana aliyekuwa akifuta lenzi hakuinua kichwa. "Hiyo si ya kuuza."

"Kuna mtu keshaiagiza?"

"Zii. Haiuzwi tu."

"Basi nambie mwenye nayo, nende nikazungumze naye mie."

"Mwenye nayo pia hauzi."

"Nitapanda bei."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Alikuwa amenyoa nywele karibu kuzimaliza, amevaa shati la kiume lenye mikono iliyokunjwa, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyezuia kicheko tangu asubuhi. Dalila alikuwa na bei kichwani, tena bei nzuri. Ikapotea. Na nakwambieni, Dalila binti Abdulhadi si mtu wa kupotelewa na bei.

"Wewe huachi, sivyo?" yule msichana akauliza.

"Siachi. Jina lako?"

"Kawira."

"Basi nambie, Kawira, mbona watu hawa hawaonyeshi nguo?"

Maana Dalila alikuwa anaendelea kupekua huku anazungumza. Albamu za biashara alizijua. Ndani yake watu husimama wima, mikono pembeni, shati linaonekana lote mpaka mshono wa begani. Hawa hawakuwa hivyo. Kwenye ile pamba ya kijani palikuwa na mikono minne tu, miwili ikiifungia vifungo miwili mingine. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mgongo wa kijana juu ya baiskeli. Mwingine ulikuwa wa msichana aliyefumba macho, anacheka, na gauni lake lilikuwa nje ya picha karibu lote. Mteja gani angeagiza gauni asiloliona?

Kawira akanyoosha mkono, akaifunga albamu taratibu, akaiweka chini ya makalio yake na kuikalia.

"Unauliza maswali mob, hayaishi," akasema.

"Leo nimejizuia. Kwa ugeni."

Wakacheka wote wawili. Dalila akaondoka na mashati ya shangazi, na alipofika chini barabarani akagundua kwamba ameyasahau mashati mawili juu. Akarudi kuyachukua, na wala hakuona haya.

* * *

Kuanzia siku hiyo karakana ya Liang ikawa na dosari nyingi. Mara kola imekaa vibaya, mara kifungo ni kikubwa kuliko tundu, mara uzi si rangi yake. Shangazi Kazija alishangaa jinsi binti wa kaka yake alivyopata bidii ghafla, akamsifu. Dalila alizipokea zile sifa kwa kuinamisha kichwa.

Ukweli ni kwamba alikuwa hapati usingizi. Aliijua dalili ile. Aliwahi kuipata mara moja, Unguja, kwa msichana wa jirani aliyeolewa Pemba, na siku ya harusi ile Dalila alilia mpaka watu wakasema ama kweli hawa walipendana kama ndugu. Akakubali kwamba ni undugu. Angesema nini kingine? Hakuwahi kusikia jina la kitu hicho likitajwa kwa wema, wala kumwona mtu mwenye nacho.

Halafu kulikuwa na Murshid. Murshid alikuwa amepeleka posa nyumbani, na baya la Murshid halikuwepo. Ana duka Darajani, anaswali, mpole, anamheshimu mama yake. Baba yake Dalila alikuwa anasubiri jibu, na walikwisha kukubaliana kwamba siku moja kabla ya safari ya kurudi, Dalila atapiga simu na kusema neno lake mwenyewe.

Mchana mmoja wa mvua umeme ukakatika Kangle nzima. Cherehani zikanyamaza, mafundi wakateremka kwenda kula. Kawira alikuwa ameketi karibu na dirisha. Akamtazama Dalila kwa muda, kisha akaivuta ile albamu kutoka chini ya meza.

"Nikikuonyesha, hutasema kwa mtu?"

"Wallahi sisemi."

Akaifungua kwenye ile mikono minne. "Anayefungwa vifungo ni A-Fen. Cherehani yake ni ile ya pili pale, unamjua."

"Yule anayeimba?"

"Huyo. Anayemfunga ni mpenzi wake. Kiwanda cha vifungo, huko mbele."

Dalila akatazama ile mikono. Kucha zilikuwa zimekatwa fupi, na kidole kimoja kilikuwa kimezungushiwa plasta. "Na huyo mpenzi ni mwanamke?"

"Mwanamke. Hicho kitambaa walinunua na mshahara wa kwanza, wakashona mashati mawili, mita zikaisha. Ndiyo sababu singekuuzia. Hakuna."

"Na huyu wa baiskeli?"

"Huyo yuko Nairobi. Anapenda wanaume. Huyu wa kucheka yuko Mombasa, yeye anapenda wasichana kama A-Fen. Wote hawa, Dalila. Kila ukurasa."

Mvua ilikuwa inapiga bati la chini. Dalila hakusema kitu, na Kawira, aliyemzoea kwa maswali, akaanza kuogopa. Akataka kuifunga albamu. Dalila akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Imefikaje Nairobi?"

"Kuna dada mmoja wa biashara, Mwikali, anaibeba kwa mzigo wake. Pale uwanja wa ndege wakifungua wanaona nini? Vitambaa. Wanasema pita mama." Kawira akatabasamu. "Ikifika, inakaa kwa mtu mmoja kama wiki hivi. Vijana. Wengine ndio wametoka shule, wengine wamefukuzwa nyumbani. Pamoja nayo natuma kamera ndogo ya plastiki. Akitaka, anajipiga, ananitumia filamu na kipande cha nguo yake. Sura au mgongo, yeye ndiye anaamua. Naosha picha mwenyewe hapo nyuma kwenye choo, kwa sababu ukipeleka studio watu wataziona. Halafu inaenda kwa mwingine."

"Kwani lazima?"

"Nini?"

"Yote hayo. Choo, Mwikali, kamera. Kwani?"

Kawira akafikiri. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipokuwa form three, Mombasa, nilidhani ni mimi pekee Mungu ameniumba hivi dunia nzima. Nilikuwa naomba usiku anibadilishe. Kama ningeona picha moja, Dalila. Hata kama ni mtu tu kama mimi anaanika nguo. Anakunywa chai. Ningejua kuna mahali watu kama mimi wanakunywa chai." Akapekua mpaka karibu na mwisho. "Huyu hapa alikuwa amejifungia ndani, hata kula hali na wenzake. Dadake ndiye alimwekea albamu mlangoni. Iliporudi kwangu, kulikuwa na filamu. Amejipiga kwa kioo, suti ya buluu, tai, kila kitu. Angalia hiyo kola."

Kola ilikuwa imepinda vibaya sana. Fundi yeyote wa Liang angefukuzwa kazi kwa kola ile.

"Mimi napenda hiyo kola kuliko picha zote nimewahi kupiga," Kawira akasema. "Na si mimi nimepiga."

Dalila akaugusa ukingo wa picha ile. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hofu, na vyote viwili vilikuja pamoja wala hakujua kipi akishughulikie kwanza. Akafanya anachokijua. Akauliza.

"Wewe uko ukurasa wa ngapi?"

"Mimi ndiye mpiga picha."

"Sikukuuliza kazi."

Kawira akacheka chinichini. "Sipo. Sijapata mtu wa kunishikia kamera."

* * *

Siku ya simu ikafika. Baba alikuwa ameambiwa akae dukani kwa jirani saa nne ya asubuhi, ambayo kwa Guangzhou ni saa tisa alasiri. Baada ya chakula cha mchana Dalila alimwambia shangazi kwamba anakwenda kwa Liang kuhakikisha mzigo wa mwisho umefungwa sawa. Alipanda zile ngazi moja moja, kwa mara ya kwanza bila kukimbia.

"Umejibu?" Kawira akamwuliza.

"Saa tisa."

"Utasema nini?"

"Wewe unataka niseme nini?"

Kawira akaanza kukunja waya wa taa ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa. "Sitakuomba kitu, Dalila."

"Mbona huniombi?"

"Kwa sababu wewe ndiye utapanda hiyo ndege. Wewe ndiye utakaa na babako mezani. Mimi niko hapa mbali, ni rahisi mimi kuongea. Siwezi nikakuambia ruka halafu mimi nimekaa."

"Basi kaa!" Dalila akafoka, na fundi mmoja akageuka kutoka kwenye cherehani yake. Akapunguza sauti. "Kaa hivyo hivyo na waya wako. Miezi miwili nakuja hapa na vifungo, na kola, na uzi, kila siku uongo mpya, na wewe hujawahi kunambia hata neno moja. Mie nimejisemea mwenyewe yote. Hata usiku najijibu kwa niaba yako. Nimechoka kujijibu, Kawira!"

Kawira akauachia ule waya.

"Nikisikia viatu vyako kwa ngazi," akasema, "naharibu picha. Kila mara. Liang anadhani kamera imezeeka."

Wakatazamana. Yaani Kawira alimtazama Dalila, na Dalila akatazama dirisha. Alikuwa na kasoro hiyo. Tangu alipoanza biashara shangazi yake alimfundisha kwamba ukikipenda kitambaa usikitazame, tazama cha jirani yake, maana muuzaji akiyaona macho yako umekwisha. Akafundishika mpaka akapitiliza. Hata sasa, pale alipotaka kuliko kitu chochote kutazama mahali pamoja tu, macho yalikimbilia pembeni.

"Nipe kamera," akasema.

"Unajua kuitumia?"

"Nifundishe."

Kawira akamvisha mkanda shingoni, akamwonyesha pa kuzungusha na pa kubonyeza, vidole vyao vikagusana juu ya chuma kile na hakuna aliyeviondoa upesi. Kisha akarudi nyuma, akakaa kwenye kistuli karibu na dirisha, mikono haijui iende wapi. Yeye aliyewakalisha watu mia mbele ya lenzi alikuwa amekakamaa kama mtu wa picha ya pasipoti.

Dalila akatia jicho. Na humo ndani ya kile kidirisha kidogo, ambamo hakuna muuzaji wala mnunuzi, akamtazama. Akatazama paji la uso, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuwahi kuliona, na mdomo ulioanza kulegea. Akatazama mpaka akashiba, kisha akaona kwamba hakushiba.

"Bonyeza basi," Kawira akanong'ona.

"Subiri. Bado sijamaliza."

Alipobonyeza, mlio ulikuwa mdogo kuliko alivyotarajia. Wakabadilishana. Sasa Dalila kwenye kistuli, Kawira nyuma ya kamera.

"Kitambaa?" Kawira akauliza, kwa kuwa ndiyo kanuni ya albamu.

Dalila akachukua mkasi wa fundi, akashika pindo la leso aliyojifunga kiunoni juu ya gauni, akakata kipande cha vidole vitatu. Kwa mwanamke wa Unguja kukata leso nzima, tena mpya, ni jambo la kuulizwa akili. Alikata bila kusita.

"Sura au mgongo?"

"Sura."

"Fikiria, Dalila. Hii itafika Mombasa. Mombasa na Unguja ni karibu."

"Kuna mtoto wa watu huko kajifungia ndani," Dalila akasema. "Nimwonyeshe mgongo?"

Kawira akainua kamera. Akapiga. Akapiga tena. Na kati ya picha ya pili na ya tatu, Dalila akaona uso wa Kawira umebadilika na macho yake yametazama mlangoni.

Shangazi Kazija alikuwa amesimama pale, buibui lake limelowa jasho kwa ngazi, mkoba wa pesa umebanwa kwapani. Amesimama tangu lini? Hakusema. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyewazika waume wawili na kuwashinda madalali wa Kariakoo wasiohesabika, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa.

"Shikamoo, mama," Kawira akasema.

"Marahaba." Akaingia. Akatazama kamera, akatazama kistuli, akazitazama picha za albamu iliyokuwa wazi mezani, akakiokota kile kipande kilichokuwa mezani karibu na mkasi. "Mbona umeikata leso niliyokupa?"

"Sampuli, shangazi."

"Ya nini?"

Dalila akatafuta jibu kwenye ukuta. Hakulipata, akalitafuta kwenye feni. Akatazama cherehani ya A-Fen. Shangazi naye alikuwa akimfuata macho, kituo kwa kituo, ukuta, feni, cherehani, na mwisho akageuka yeye mwenyewe kutazama kile kitu kimoja katika chumba kile ambacho Dalila hakukitazama.

Akamtazama Kawira kwa muda mrefu. Kisha akakirudisha kile kipande mezani, mahali pale pale alipokitoa.

"Saa inakwenda," akasema. "Baba yako anangoja."

* * *

Duka la simu lilikuwa barabara ya Huanshi Zhonglu, chini ya jengo la wenye mizigo, na njia nzima mpaka hapo shangazi hakusema lolote. Ukimya wa Shangazi Kazija ulikuwa mbaya kuliko matusi ya mtu mwingine. Dalila aliketi kando yake ndani ya teksi, akahesabu yale anayoweza kupoteza: nyumba, dua za baba, mkono huu mnene uliomsuka nywele tangu mama yake alipofariki. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Kama shangazi angemgeuzia mgongo, hangekuwa na mtu.

Waliingia wote wawili kwenye kile chumba cha kioo, wakabanana. Simu ikaita mbali, ikakwaruza, ikapokelewa.

"Dalila? Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mungu akuweke. Haya, nambie. Tuseme tende za harusi ziletwe, au bado?" Na baba akacheka, maana alikuwa mtu wa furaha, na hakuwa na shaka na jibu.

Dalila angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Murshid angekuwa mume mzuri, na yeye angekuwa mke mwenye heshima ambaye hatazami popote.

"Baba, sikubali."

Waya ukavuma. "Umesemaje?"

"Sikubali, baba. Murshid hana kosa. Mwombe radhi kwa niaba yangu. Ila mie si wake, na nikimkubali nitakuwa nimemwibia."

"Ala! Kuna mtu?" Sauti ya baba ilikuwa imepoteza kicheko. "Dalila, nijibu. Kuna mtu?"

"Yupo."

"Nani?"

Akavuta pumzi. Jina lilikuwa limekwisha kufika mdomoni, lina herufi sita tu, na alikuwa tayari kulitoa, liende Unguja likafanye litakalofanya.

Kidole kinene kikatokea kando yake, kikabonyeza kitako cha simu. Laini ikafa.

"Shangazi!"

"Imekatika," Shangazi Kazija akasema. Akauchukua mkono wa simu kutoka kwa Dalila, akauweka mahali pake. "Simu za huku hukatika. Hata yeye anajua."

Akalipa, akatoka nje. Dalila akamfuata mpaka ukingo wa barabara, ambapo baiskeli na malori yalikuwa yanapita bila huruma, na hapo shangazi akasimama, akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungemtaja?"

"Ningemtaja."

"Kwenye simu ya duka la jirani! Na Bwana Ahmada mwenye duka na wateja wake wote wamekaa hapo wanasikiliza!" Akajipiga paja. "Wee mtoto una akili kweli? Mambo kama hayo hayasemwi kwenye waya. Unamwua baba yako mbele za watu?"

"Kumbe unajua ni nani."

"Nimekufundisha mwenyewe kutotazama, nisijue?" Sauti ikamkatika. Akaifuta pua kwa pembe ya mtandio, kwa hasira, kama pua ndiyo iliyomkosea. "Umetazama kila kitu mle ndani. Ukuta usiokuwa na hata rangi, ukautazama! Nikasema moyoni, masikini, huyu kapenda kupita kiasi."

Dalila akashindwa kujizuia, akalia palepale, mbele ya wauza matunda na wapita njia. Alilia kwa woga wote wa miezi miwili na wa miaka ya kabla yake. Shangazi hakumkumbatia. Alisimama kando yake, mkoba kwapani, akitazama magari, mpaka kilio kikapungua chenyewe.

"Ile albamu yao," akasema mwishowe. "Ni watoto wa watu wale?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mama zao wako hai?"

"Wengine."

Shangazi Kazija akatikisa kichwa polepole. Alionekana amezeeka kidogo tangu asubuhi. "Sielewi," akasema. "Nimeishi miaka hamsini na sita na jambo hili silielewi, na silitaki, na baba yako atanilaani mimi niliyekuleta huku. Utanieleza. Leo, kesho, kwenye ndege, utanieleza mpaka nichoke. Lakini usidhani nimekukubalia. Unanisikia? Sijakukubalia."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya," akasema, na akanyoosha mkono wake bila kumtazama. "Shika mkono. Magari yanakuja."